Kadibodi, uzi na filamu ya ami

Mtu akikwambia lenzi ya milimita 25 "ni pana", muulize kwanza: pana kwenye filamu gani? Mimi sikuuliza. Nikapoteza mkebe mzima wa filamu, na ukijumlisha posta na kusafishwa ng'ambo, ni kama shilingi elfu ishirini hivi zilizokwenda na maji.

Kamera yangu ni Bolex H16 ya zamani, zile za kabla ya 1956 ambazo hutazami kupitia lenzi yenyewe. Unategemea kitazamio cha pembeni, na changu kilikuwa kimevunjika tangu nilipoinunua. Nilitaka kumpiga picha ami akitia dau kalafati, yaani akiziba nyufa za mbao zake, kule Matondoni, Lamu, angali ana nguvu za kazi hiyo. Ndani ya banda nilipata mita 4 tu, mgongo wangu umegusa boriti zilizopangwa hadi juu. Mpiga picha mmoja wa harusi, tena mzoefu, alinihakikishia kwamba 25 itameza dau, ami na banda lake.

Filamu iliporudi, niliona kifua cha ami, nyundo na ubao. Kichwa hakimo. Akiinama kichwa kinaingia, mkono wenye nyundo unatoka. Nyuma yake kijana anayempa pamba iliyolowa mafuta ni vidole tu, vinaingia na kutoka ukingoni. Ni hivyo hivyo kwa karibu dakika 3, mpaka filamu ilipokwisha. Iliniuma sana, kwa sababu siku ile ami alifanya kazi kwa raha ambayo sikuwa nimeiona kwake muda mrefu.

Yule bwana hakunidanganya. Yeye hupiga picha za kawaida, ambazo fremu yake ina upana wa milimita 36. Fremu ya filamu ya milimita 16 ina upana wa 10.26 na kimo cha 7.49. Lenzi ni ile ile, ila mimi nilikuwa nachukua kipande kidogo cha katikati. Chukua nusu ya upana wa fremu, gawanya kwa urefu wa fokasi (ile 25 ya lenzi), tafuta tanjenti kinyume, kisha zidisha kwa mbili. Kwake inatoka pembe ya nyuzi 71.5. Kwangu ni 23.2! Kwake yeye, lenzi inayoona kama yangu ingekuwa ya milimita 88 hivi, ya kupigia sura ya bibi harusi.

Lakini ukiwa bandani, pembe haikusaidii sana. Unachotaka kujua ni mita ngapi zitaingia. Basi zidisha upana wa fremu kwa umbali, gawanya kwa fokasi. Kwa 25, mita 4 zilinipa upana wa mita 1.64 na kimo cha mita 1.20. Ndiyo maana ami alikosa kichwa.

Sasa hapa ndipo ninapojivunia. Nilichukua boksi la viatu, nikakata tundu la fremu yangu mara kumi: milimita 103 kwa 75. Nikafunga uzi kwenye ukingo wa chini, nikaupiga fundo moja sentimita 10 kutoka kwenye kadibodi na jingine sentimita 25. Kwa kuwa tundu ni mara kumi, kila milimita ya fokasi imekuwa sentimita ya uzi. Unashika fundo chini ya jicho, kwenye mfupa wa shavu, unavuta kadibodi mpaka uzi ukaze, unafumba jicho la pili. Unachokiona tunduni ndicho kitakachoingia kwenye filamu. Uzi usiwe wa kunyumbuka. Wangu wa kwanza ulinyumbuka nikautupa.

Nilirudi Matondoni na kadibodi yangu. Fundo la 25 likanionyesha kile kile kifua. Fundo la 10 likaonyesha ami kutoka utosini hadi nyayoni, na kijana wake pembeni. Nikaazima lenzi ya milimita 10. Uzuri wake kwenye filamu hii ni kwamba upana unaouona karibu ni sawa na umbali uliosimama: mita 4, upana mita 4 na kidogo. Hesabu hiyo unaifanya kwa miguu.

Kitu kimoja ambacho hakuna aliyeniambia: projekta hukata kingo, inaonyesha milimita 9.65 tu za upana. Kwa hiyo niliweka mawe mawili chini, sambamba na dau, mita 3.8 kutoka moja hadi jingine.

"Ami, usitoke nje ya mawe."

"Na dau je, nilikate?"

Dau lilizidi, lina mita 6, na hilo nililikubali. Filamu ya pili ilipofika niliitundika dirishani kwanza, nikatazama fremu moja moja kwa kioo cha kukuzia. Kofia ya ami imo, na nyayo zake mchangani zimo. Ukingoni kabisa, upande wa kulia, lipo jiwe.