Nyoosha hela kwanza, hiyo motivesheni itafuata

Kila nikifungua simu nakutana na klipu ya jamaa kavaa suti anafundisha namna ya kuishi na wafanyakazi, mara uwe lida usiwe bosi, mara wapeleke bichi wikiendi wakacheze mpira wa wavu wapendane. Sawa, sibishi. Ila mi nasimamia duka la hadwea huku Tabata, Dar es Salaam, nina watu wa kaunta, keshia, vijana wa kupakia na dereva wa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, na nikiangalia ugomvi wote niliowahi kuamua hapa na maduka mengine niliyopitia, karibu wote ukiuchimba mpaka chini unakuta hela. Watu watakwambia vijana wa siku hizi wavivu, sijui hawana adabu. Mi naona ni hela ambayo haijanyooshwa tu.

Tuanze na shoti, yaani hela au mzigo unaopungua kwenye hesabu, maana hapa ndo maduka mengi yanapofia.

Chukua boksi la misumari la kilo 25. Ukiliuza zima hamna shida, ila sisi huku tunauza kilo, nusu, mpaka robo, fundi anakuja anataka robo ya nchi 3 na robo ya nchi 4. Sasa msumari huwezi kuukata katikati ili mzani ukae sawa, kwahiyo kila ukipima unazidisha kidogo, alafu fundi mwenyewe kasimama hapo anakwambia "dada mbona umebana hivo, tupia basi", unamtupia miwili mitatu aende. Boksi likiisha ukipiga hesabu ya ulichouza hukuti kilo 25, haiwezekani, hata ungemweka malaika kaunta. Waya wa umeme unaouzwa kwa mita hivo hivo, kamba hivo hivo, saruji ndo usiseme, mfuko mmoja ukipasuka wakati wa kushusha umeshauza pungufu.

Mwenye duka yeye haoni hayo yote, anakuja mwisho wa mwezi anahesabu stoo, anakuta pengo, anasema nimeibiwa, anawakata wote sawa kwa sawa. Nimeona duka moja huo ndo ulikuwa utaratibu kabisa, na kilichofuata kila mtu anakijua isipokuwa bosi. Ukimkata mtu hela ambayo hakuichukua, mwezi unaofuata anaichukua kweli, maana kulipa kashalipa tayari. Alafu wale waliokuwa waaminifu ndo wanaondoka wa kwanza, unabaki na wale wanaojua kuifidia. Miezi kadhaa mbele bosi anakwambia wafanyakazi wa Dar wote wezi.

Na kisheria pia hiyo haipo, sema watu wengi hawajui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema kabisa, ili umkate mfanyakazi kwa ajili ya hasara lazima awe amekubali kwa maandishi, hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lake yeye, umwandikie imetokana na nini na ni kiasi gani na umekipataje hicho kiasi, umpe nafasi ya kukataa kama haafiki, usimkate zaidi ya hasara yenyewe, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Soma tena hapo kwenye kosa lake yeye. Hiyo ya kugawana shoti watu watano kama mnachangia harusi haiendani na hiyo sheria hata kidogo.

Sasa sisi tulifanyaje, nilikaa na mzee mwenye duka tukapima wenyewe. Tulifungua boksi tukaliuza tukiangalia kila mzani, tukajua misumari inapotea kiasi gani kwa kawaida, tukafanya hivo na waya na kamba, tukakubaliana kila bidhaa ina upungufu wake unaoruhusiwa na umeandikwa ukutani stoo. Ukiwa ndani ya huo hakuna maswali. Ukizidi tunakaa tunaulizana. Alafu hesabu tunafunga kila jioni, sio mwisho wa mwezi, keshia anahesabu droo mbele ya mtu wa kaunta na wote wanasaini daftari. Shoti ya leo inakumbukika, unaweza kusema ah yule mama wa mabati nilimrudishia chenji mara mbili, unampigia anarudisha. Shoti ya wiki tatu zilizopita hata mganga hawezi kuitafuta.

Kuna hii nyingine ya meseji feki za muamala. Mteja anakuja anachukua mifuko kumi ya saruji, anasema nimelipa kwa lipa namba, anakuonyesha simu yake meseji imeandikwa vizuri kabisa na salio na kila kitu, kumbe kaitunga. Keshia akiachia mzigo imekula kwake. Lakini jiulize simu ya duka inayopokea meseji iko wapi? Maduka mengi iko mfukoni mwa bosi, na bosi yuko Kariakoo anafata mzigo, keshia anapiga "mzee imeingia?", simu haipokelewi, mteja anafoka ana haraka kirikuu inamsubiri, sasa huyo keshia afanye nini? Huwezi kumpa mtu lawama ya mlango ambao funguo umekaa nazo wewe. Hapa kwetu simu ya duka inakaa kaunta na mzigo hautoki mpaka meseji iingie kwenye hiyo simu, mteja akinuna anune, na keshia anajua akifata hivo hata tukipigwa hakatwi.

Mshahara. Hili halina maneno mengi, lipa tarehe uliyosema. Kuna mabosi mshahara wao unatoka tarehe 38, na huyo huyo akikuta mtu kachelewa dakika kumi anapiga kelele mtaa mzima unasikia. Ukikwama kweli sema mapema, mtu ajue akaongee na mwenye nyumba wake.

Advansi mi natoa, ila inaandikwa na ina kikomo. Huku mjini mtu atauguliwa, atafiwa, mtoto atarudishwa shule kwa ajili ya mchango, na ukimnyima kabisa atajikopesha mwenyewe kwenye droo kwa nia ya kurudisha kesho, na kesho haifiki. Bora aje aniambie. Kwenye msiba sio advansi, msiba duka linatoa rambirambi na mwakilishi mmoja anaenda, hiyo huwa siulizi hata mzee maana mzee mwenyewe ndo wa kwanza kutaja.

Muda wa kazi nao ni hela, watu hawaoni tu hivo. Hadwea zinafunguliwa saa 1 asubuhi mpaka saa 12 jioni, ukimshikilia mtu mmoja muda wote huo siku sita umeshapita mbali na masaa 45 kwa wiki ambayo sheria inasema, na ziada inatakiwa ilipwe mara moja na nusu, nani analipa? Tukagawa zamu, wa asubuhi anatoka saa 9, mwingine anaingia saa 4 anafunga yeye, na kila mtu ana saa lake la kula, sio kula ugali umesimama huku unapima nondo. Faida yake nyingine, kijana wetu mmoja anatokea Chanika, mvua ikipiga foleni ni kuanzia Gongo la Mboto mpaka Tazara, nikamweka zamu ya saa 4 na ile kesi ya kuchelewa ikafa yenyewe bila barua ya onyo.

Kuhusu kumsema mtu, msemee pembeni. Najua bosi mmoja alichukua kipande cha kamera, kijana kalala juu ya mifuko ya saruji mchana, akakitupia kwenye grupu la wasap la kazini na vikatuni vya kucheka. Kijana kumbe usiku wake alishusha semi mpaka alfajiri na hiyo kazi ya usiku hakulipwa. Hakurudi kesho yake, na wawili wakamfata.

Na ikifika kuachana basi muachane vizuri. Mtu wa mshahara wa mwezi ana notisi ya siku 28, kama amekaa mwaka na kuendelea kwa kawaida kuna kiinua mgongo, siku saba za mshahara kwa kila mwaka mpaka miaka kumi, na likizo ambayo hajaila inalipwa. Usimfukuze kwa hasira getini mbele ya wateja, maana ana siku 30 za kupeleka malalamiko CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, na pale utaulizwa ulimpa nafasi ya kujitetea lini na karatasi iko wapi. Hasira haina karatasi.

Kitu kimoja ambacho sijakinyoosha na sitaki kukinyoosha ni hela ya soda. Kirikuu ikipeleka mzigo Kinyerezi huko au Segerea, mteja akiridhika anamshikisha dereva na vijana buku mbili, buku tano. Mzee alitaka iwe inaandikwa kwenye daftari la safari ili ajue. Nikamwambia mzee, hiyo sio ya duka, tukianza kuihesabu hata hawa wateja hatutapata wa kuwapelekea mzigo ghorofani. Akacheka, akasema haya, lakini mabati yashuke bila kukunjwa.