Nilivyoielewa "ikiwa… basi" bila kukariri lile jedwali

Ushauri wa "we kariri tu jedwali" (jedwali la ukweli, lile linaloonyesha sentensi ya "ikiwa… basi" ni kweli lini na uongo lini) ndo ulionichelewesha, naomba niseme mapema. Nilikuwa narudia hesabu za Adivansi kama PC (mtahiniwa wa kujitegemea), mchana nauza spea Kariakoo usiku najisomea, na kwenye topiki ya Lojiki kila niliyemuuliza, kuanzia ticha wa tuisheni (alikuwa anakula kama thelathini na kitu kwa mwezi) mpaka bro mmoja wa chuo, jibu ni lilelile: kweli ikifuatwa na uongo ndo uongo, zilizobaki zote kweli, kariri songa mbele. Haya nikakariri. Sasa jedwali linakwambia sehemu ya kwanza ikiwa uongo sentensi nzima inahesabika kweli, hiyo kweli imetoka wapi? Ukiuliza unaambiwa ndo ilivyo.

Kilichonifungua ni mchezo wa kadi wa Peter Wason, mwanasaikolojia wa Uingereza, aliutoa mwaka 1966. Nikakata boksi la brek pedi vipande vinne, kila kimoja herufi upande huu namba upande ule, nikavipanga juu ya kaunta vikaonyesha E, K, 4 na 7. Sheria: ikiwa upande mmoja ni irabu, basi upande wa pili ni namba shufwa. Swali: ugeuze zipi, na hizo tu, ili ujue sheria imevunjwa au la? Ukikosa unanunua soda.

Aisee nilikunywa soda siku hiyo mpaka tumbo likajaa gesi. Mmoja anasema E tu, wengine E na 4, wanasema kwa kujiamini kabisa, na bosi ambaye huwa anajisifu alikuwa kichwa cha hesabu O-level naye akaja na E na 4. Jibu ni E na 7. Nne haina shida yoyote, nyuma yake hata kuwe na K, sheria haikusema konsonanti zisikae na shufwa. Nikaigeuza 7 taratibu huku wananiangalia, nyuma nilikuwa nimeandika A, irabu, sheria imevunjika. Kelele! "We dogo umetupiga!" Bosi soda yake alitoa huku anabisha.

Halafu nikabadilisha kadi: Bia, Soda, 25, 16. Kila kadi ni mtu, upande mmoja kinywaji, wa pili umri, na sheria ni ikiwa mtu anakunywa bia basi ana miaka 18 au zaidi. (Hii ya bia ilikuja baadaye, 1982, kwa watafiti wa Marekani.) Mama anayetuletea chakula wala hakuacha nimalize: "Wa bia muulize umri, wa kumi na sita mnuse glasi, hao wengine wanakuhusu nini?"

Wanakuhusu nini! Hapo ndo nikalielewa jedwali lote. Mnywa soda hawezi kuivunja sheria hata awe na miaka mitano, na jedwali linapoandika kweli linamaanisha hajavunja, basi. Na kumnusa wa 16 ndo kontrapozitivu yenyewe: hajafika 18, basi asiwe na bia. Ni sheria ileile, sehemu zake mbili zimebadilishana nafasi na zote zimekanushwa, ndo maana ukithibitisha moja umethibitisha zote mbili.

Toka hapo jiometri naifanya kwa kutafuta mhalifu tu. Ikiwa ni mraba basi ni mstatili: nitafutie mraba usio mstatili, hupati, imepita. Konvasi yake (sehemu mbili zinabadilishana nafasi tu, bila kukanusha), ikiwa ni mstatili basi ni mraba: chora wa 3 kwa 5, kesi imeisha. Ikiwa ni rombasi (pande nne zote sawa) basi diagonali zinakatana kwa digrii 90, sawa, ila ukiigeuza unakamatwa na umbo la kishada, zinakatana kwa 90 na wala sio rombasi. Mhalifu mmoja anatosha, usijaze ukurasa.

Ila usidhani konvasi ni uongo siku zote, huo nao ni ushauri mbovu niliupewa. Kanuni ya Pythagoras (pembetatu ikiwa na kona ya digrii 90, basi mraba wa upande mrefu ni jumla ya miraba ya zile pande mbili fupi) inakubali kwenda na kurudi, ila kila njia ina uthibitisho wake, Euclid, Mgiriki wa kale wa jiometri, aliuweka mmoja namba 47 kwenye Kitabu cha Kwanza cha Elements na konvasi namba 48. Fundi anayejenga msingi huko Goba anatumia konvasi: anapima mita 3 huku, 4 kule, mshazari ukitoka 5 kona iko skwea. Nilienda saiti ya shemeji nikamwambia fundi, mzee wangu hapa unatumia 48 sio 47. Akaniangalia, akasema, "Mimi natumia tatu, nne, tano. Shika kamba hiyo."