Daftari la babu na kundi la WhatsApp

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku, huku Urambo, Tabora. Msimu huu nilijiona fundi: badala ya kubandika taarifa za malipo ukutani, nikazirusha zote kwenye kundi la WhatsApp. Vijana wakajibu kwa madole gumba. Basi, nikafunga ofisi.

Kesho yake babu mmoja akaegemeza baiskeli mlangoni.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba. Mjukuu wangu, mbona ukuta mtupu?”

Akachomoa mfukoni daftari lililofungwa kwa mpira. Marobota, kilo, madaraja, vyote kwa penseli. Tukalinganisha na kompyuta. Robota moja halikuwemo. Nilikuwa nimeruka mstari, mimi mwenyewe. Siku hiyo hiyo karatasi zikarudi ukutani, na kwenye kundi zimebaki.

Vijana nao wana lao. Mkutano mkuu hawaji, halafu wananung'unikia makato ya pembejeo yaliyopitishwa humo humo. Kwenye ushirika kila mwanachama ana kura moja, awe na ekari moja au ishirini, lakini lazima uwepo uipige. Nilimwambia mmoja hivyo, akaniuliza: mkutano wa kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 10 jioni, bila hata chai, nani atakaa?

Nikakosa jibu. Kwenye bajeti nimeombea chai na viazi vitamu. Wa kwanza kuniunga mkono ni babu wa daftari, ila aliuliza bei ya sukari mara mbili, akaiandika.