Seli za mdogo wangu zilipoukataa mwili wangu

Ilianza kwenye viganja. Siku ya 24 baada ya kupandikizwa seli shina za mdogo wangu, zile zinazotengeneza damu, niliamka katika chumba tulichopanga Chennai, viganja na nyayo vinawaka kama niliyeshika pilipili kichaa. Nikamwambia mdogo wangu ni joto tu. Kesho yake wekundu ulishapanda masikioni na kifuani. Siku ya tatu tumbo likafunguka, maji matupu ya kijani, mara tisa kabla ya adhuhuri. Zile siku mbili nilizonyamaza najuta nazo mpaka leo.

Nilikuwa na saratani ya damu, lukemia kali ya mailoidi. Kemo iliituliza, lakini bila kupandikizwa ingerudi. Kila ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana nawe kabisa kwa zile alama za kinga ziitwazo HLA. Kwetu tuko watano, na aliyelingana nami ni kitinda mimba wetu, msichana. Tulielezwa mapema kwamba mwanamume akipokea seli za mwanamke hatari huongezeka, kwa kuwa seli hizo zinaweza kuziona protini za kromosomu Y kuwa ni adui. Nilisikia, nikaitikia, nikasahau.

Wodini daktari alichukua karatasi akanichorea. Tumezoea kusikia mwili umekikataa kiungo kigeni. Hapa mgeni, yaani seli zilizopandikizwa, ndiye anayemkataa mwenyeji, na ugonjwa huu kwa kifupi huitwa GVHD. Dawa kali zilizofagia uboho wangu wa zamani zilijeruhi pia utando wa utumbo. Sumu za bakteria zikapenya, na seli zilizojeruhiwa zikamwaga saitokini, yaani vijumbe vya kinga: TNF, IL-1, IL-6. Vijumbe hivyo viliziamsha seli zangu za ulinzi zilizosalia, nazo zikazionyesha seli T za mdogo wangu, askari wa kinga, vipande vya protini zangu. Seli T haishambulii kwa ishara moja. Kipokezi chake lazima kikitambue kipande kile, na papo hapo kipokezi cha pili, CD28, nacho kiguswe. Vikikutana vyote viwili, inatoa saitokini nyingine, IL-2, inaongezeka kwa kasi, kisha kundi zima linaelekea kwenye ngozi, utumbo na ini.

Ishara ile ya kwanza, ikishaingia ndani ya seli, hupita kwenye kimeng'enya kiitwacho kalsinurini. "Siklosporini yako, hicho kidonge cha kutuliza kinga, kazi yake ni kuziba hapa," alisema, akapiga kalamu kwenye mchoro. Ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Asubuhi za kliniki nilikuwa nikimeza kidonge kwanza, halafu ndiyo natolewa damu. Kiwango cha dawa kilionekana kikubwa kuliko kilivyokuwa kweli, dozi ikapunguzwa, na njia ikabaki wazi. Damu hutolewa kabla ya kidonge. Nilikuwa nimeelezwa siku ya kuruhusiwa, katikati ya maelezo mengine chungu nzima, wala sikuandika.

Nikaanzishiwa steroidi, dawa nyingine ya kutuliza kinga, kwa mshipa, miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito wangu. Ngozi ilipoa, utumbo ukagoma. Mdogo wangu alipima choo changu kwa jagi na kukiandika kwenye daftari, kwa sababu ukali wa ugonjwa tumboni hupimwa kwa ujazo wa siku: nusu lita tayari ni jambo, nami nilifika mililita 1,400. Usiku mmoja aliweka jagi chini akaniuliza, "Kaka, kwa hiyo damu yangu ndiyo inayokuua?" Nilimshika mkono nikamweleza nilichoambiwa, kwamba seli hizohizo ndizo zinazosaka mabaki ya lukemia, na hakuna anayetaka zife. Tunataka zitulie. Alilia, nami nililia.

Wiki ilipopita bila nafuu wakabadilisha dawa, wakanipa ruksolitinibu. Vipokezi vya saitokini nyingi havina kimeng'enya chao vyenyewe. Hutegemea vya jirani, JAK1 na JAK2, ambavyo huipa habari protini iitwayo STAT, nayo huipeleka hadi kwenye kiini cha seli. Ruksolitinibu huvizuia hivyo viwili. Marekani iliiidhinisha mwezi Mei 2019 kwa wagonjwa ambao steroidi haikuwasaidia. Katika utafiti wa watu 309 uliochapishwa 2020, kufikia siku ya 28 asilimia 62 ya walioipata walionyesha nafuu, dhidi ya asilimia 39 ya waliopewa tiba nyingine. Kwangu siku ya tisa jagi lilisoma 600. Nilikunywa uji wa mchele vijiko vinne, ukakaa tumboni.

Niliporudi Tanga daftari tuliliendeleza. Tuliandika choo, uzito na joto la mwili, na eneo la ngozi lenye upele nililipima kwa kiganja changu, maana kiganja kimoja pamoja na vidole vyake ni karibu asilimia moja ya mwili. Joto likifika 38 ni hospitali saa hiyohiyo, hata usiku wa manane, kwa sababu dawa zinazotuliza seli zinafungua pia mlango wa maambukizi. Balungi na madanzi nikaacha kabisa. Juisi yake huweza kuuchelewesha mwili kuzivunja dawa kama hizi, zikazidi kwenye damu. Danzi lilinisumbua hasa, maana uani kwetu mti wake umejaa. Mchana nilivaa mikono mirefu na kofia, kwani jua huweza kuuchokoza tena ugonjwa wa ngozi. Steroidi tuliipunguza polepole, sukari ikipanda na kushuka.

Dawa ya mwisho niliiacha mwezi Machi. Macho bado ni makavu na natumia matone mara nne kwa siku. Kundi langu la damu, lililokuwa A, sasa ni O kama la mdogo wangu. Daftari analo yeye.