Bampa lako linaweza kuvuta. Je, linaweza kuvutwa?

Bampa nyingi za chuma tunazofunga kwenye Land Cruiser, Defender na Jimny hapa Mwanza zimetengenezwa kwa kazi moja: kubeba winchi na kulitoa gari kwenye tope la mbuga. Nguvu hapo inakwenda upande mmoja tu, mbele, kwa dakika chache. Kulifunga gari nyuma ya jingine kwa fremu ya A (mikono miwili ya chuma inayokutana mbele kama herufi A), magurudumu yote manne yakiwa chini, ni kazi ya aina nyingine. Safari ya kwenda lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti ni karibu kilomita 140, na kila tuta la Kisesa, Magu na Lamadi linalisukuma bampa nyuma, linalivuta mbele, kisha linalipinda kidogo pembeni.

Piga hesabu. Gari la tani 2.2 lisilo na breki, la mbele likipunguza mwendo kwa kawaida tu, linasukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 600 hadi 700. Breki za ghafla zinavusha nguvu hiyo tani moja. Yote inapita kwenye bolti zako.

Kwa hiyo anza kwa kulala chini ya gari na tochi. Fuata chuma kutoka kwenye sikio la bampa, lile la kufungia pingu (chuma cha umbo la U chenye pini), mpaka kwenye chasisi. Sikio lililochomelewa juu ya uso wa bampa peke yake halifai, hata likiwa nene. Linalofaa limepenya kwenye bamba, limechomelewa mbele na nyuma, na nyuma yake kuna breketi inayoshika ncha ya chasisi moja kwa moja. Breketi iliyofungwa kwa bolti mbili zilizo kwenye mstari mmoja itacheza kama bawaba. Dai bolti zisizopungua nne kila upande, na ziwe zimetawanyika. Soma kichwa cha bolti: 8.8 au 10.9. Kisicho na namba, usikitumie. Bolti ya milimita 12 ya daraja 8.8 hukazwa kama Nm 85 kwa spana ya kipimo. Ikiwa inapita katikati ya chasisi ya boksi, weka bomba la chuma ndani ya tundu, la sivyo unapokaza unaiponda chasisi, na baada ya siku mbili bolti imelegea yenyewe.

Kuna adapta zinazofungwa kwenye masikio ya pingu ili fremu ya A ikae hapo. Zinaokoa muda, lakini kasoro yake ni nafasi kati ya pini na tundu. Pingu ya tani 4.75 ina pini ya kama milimita 22. Ikiingia kwenye tundu la 25, zile milimita tatu zinagonga kwenye kila tuta, na tundu linaanza kuwa yai. Mwambie fundi wa kuchonga akutengenezee bushi za chuma za kuziba nafasi hiyo, na uweke washa pembeni mpaka adapta isiyumbe. Ukiitikisa kwa mkono ikalia, haijawa tayari.

Kimo nacho kina neno. Fremu ya A inatakiwa kulala sambamba na barabara, tofauti kati ya ncha zake isizidi sentimita 8 hivi. Gari lililoinuliwa na kuvishwa matairi makubwa lina bampa la juu, na fremu ikiegemea sana, gari la nyuma linataka kupanda au kuzama wakati wa breki. Rekebisha kimo cha kirungu, ile tufe ya chuma inayoshika fremu, kwenye gari linalovuta. Usishushe masikio ya bampa kwa kurefusha breketi, kwa sababu unaongeza mkono wa kupinda.

Giaboksi ndiyo inayokufa kimyakimya. Injini ikiwa imezimwa, gia ya otomatiki haina pampu inayosukuma mafuta. Ya mkono nayo, shafti ya chini inayorusha mafuta haizunguki, huku shafti kuu inazungushwa na magurudumu. Beringi zinaungua bila taa yoyote kuwaka. Kwenye Land Cruiser ya 70 yenye transfa ya mkono (giaboksi ndogo inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma), weka transfa kwenye N, yaani fri, na fungua habu za mbele ziwe FREE. Jaribu kabla ya kuondoka: washa injini, ingiza gia ya kwanza, achia klachi taratibu. Gari likisogea, transfa haijaingia N. Kwa gari la 4WD ya muda wote au lenye transfa ya vitufe, fuata kitabu cha gari. Kama hakiruhusu, lipakie kwenye lori. Kwa safari ndefu tunapendelea kufungua kabisa propela ya nyuma, shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Weka alama ya rangi kwenye flanji zote mbili ili irudi ilipokuwa. Kwenye Defender ya zamani kumbuka kuwa breki ya mkono iko nyuma ya transfa: ukitoa propela hiyo, huna breki ya mkono. Weka vigingi kwenye matairi kwanza.

Ufunguo ubaki mahali pa kuachia usukani, na redio na vitu vingine vizimwe, betri isiishe. Tai rodi na beringi za kingpini zilizochoka zirekebishwe kabla, maana hakuna mtu wa kuushika usukani ukianza kutetemeka. Hakuna anayekaa ndani ya gari linalovutwa.

Breki za nyongeza zinazokanyaga pedali ya gari la nyuma ni muhimu, lakini bila injini busta, inayoongezea mguu nguvu, haina vakyumu na pedali inakuwa ngumu, kwa hiyo kifaa kipimwe hivyo hivyo, injini ikiwa imezimwa. Minyororo miwili ipite chini ya fremu kwa kupishana kama X, na ifungwe kwenye chasisi. Ukiifunga kwenye bampa, bampa likichomoka linaondoka na minyororo yake. Taa za nyuma zipate umeme kutoka gari la mbele kwa waya wake.

Simama baada ya kilomita 20. Gusa kila bolti, gusa habu za magurudumu na transfa; yenye joto lisilo la kawaida ina tatizo. Baadaye kagua kila unapojaza mafuta. Mwendo usizidi 80, na kwenye vijiji 50.

Usirudi nyuma hata mita mbili. Matairi ya mbele ya gari linalovutwa yanageuka pembeni na kuipinda fremu. Kwa sababu hiyo hiyo, kama unakwenda Ukerewe kupitia Kisorya au unavuka kwa feri ya Kamanga, tenganisha magari kabla ya mlango wa feri: pembe ya ubao wa kupandia inaikamata fremu, na ndani utaambiwa urudi nyuma. Rudisha propela, funga habu, toa transfa kwenye N, na kila gari lipande kwa injini yake.