Wanyama wake walikuwa wakitetemeka

Bibi yangu alikuwa yaya katika nyumba ya Waparsi, watu wa dini ya kale ya Uajemi waliotokea India, Mji Mkongwe, miaka kadhaa kabla ya Mapinduzi. Alilea watoto wawili pale, tangu wananyonya mpaka wanakwenda skuli. Hata alipokuwa mtu mzima kabisa, macho hayaoni vizuri, bado aliweza kutuonyesha kwa mikono yake jinsi mama mwenye nyumba alivyokuwa akisali asubuhi. Alisimama kuelekea kwenye mwangaza. Akafungua ugwe wa sufu uliomzunguka kiunoni mara tatu, juu ya fulana nyeupe nyepesi, akazikung'uta ncha zake mara moja kama mtu anayefukuza kitu, kisha akaufunga upya huku akinong'ona. Ugwe huo unaitwa kusti, na hufumwa kwa nyuzi 72, idadi ya sura za Yasna, kitabu chao cha ibada. Bibi hilo hakulijua. Alichojua ni kwamba ukiingia chumbani wakati ule, unanyamaza. Siku nyengine alibeba vijiti vya msandali mpaka mlangoni pa hekalu lao, akasimama hapo hapo, kwa kuwa asiye wa dini yao haingii.

Chuoni, tulikosoma Qur'ani, tulisikia kwamba Majusi, yaani watu wa dini hiyo, ni waabudu moto. Bibi alilikataa neno hilo kila mara. "Hawauabudu, mwanangu. Wanasali mbele yake." Qur'ani inawataja mara moja tu, Sura ya Al-Hajj aya ya 17. Rafiki zangu Wakristo wanawajua kwa jina la mamajusi, wale waliofuata nyota hadi Bethlehemu. Na Nairuzi yetu, siku ya mwaka ambapo Makunduchi huchomwa kibanda cha makuti, jina lake limetoka Uajemi. Maneno yao tunayo midomoni kila siku, wenyewe tumewasahau.

Jumapili iliyopita nilikuwa nikiyasimulia haya barazani, na mpwa wangu wa kidato cha tatu akaniuliza: "Mjomba, na huyo mtume wao, alikuwepo kweli?"

Sikumjibu. Nimekaa na swali lake wiki nzima.

Mtume wao ni Zarathustra, ambaye Wagiriki walimwita Zoroaster. Ukitafuta kitu cha kushika mkononi utarudi mikono mitupu. Mfalme Dario wa Uajemi alichongesha maandishi marefu kwenye jabali la Behistun, Iran, karibu na mwaka 520 K.K., na humo anamshukuru Ahura Mazda, Mungu wa dini hiyo, tena na tena, lakini jina la Zarathustra halimo hata mara moja. Wagiriki walimsukuma nyuma miaka elfu kadhaa. Mapokeo ya makuhani wa Uajemi yakamweka miaka 258 kabla ya Iskandari Mkuu, aliyeiteka Uajemi. Hesabu zinazopishana kiasi hicho hazisuluhishwi kwa kukata katikati.

Kinachobaki ni maneno. Ndani ya Yasna mna tenzi 17 ziitwazo Gatha. Martin Haug, Mjerumani aliyefundisha Pune, India, katika karne ya 19, ndiye aliyeshikilia kwamba hizo tu ndizo za Zarathustra mwenyewe, na mengine yote yalikuja baadaye. Lugha ya Gatha imekaribiana sana na ya Rigveda, tenzi kongwe za dini za Wahindi, na kwa ajili hiyo wanaisimu wengi wanaziweka kati ya mwaka 1500 na 1000 K.K. Kwa karne nyingi hazikuandikwa popote. Zilikaa vifuani, kuhani akimfundisha kuhani, hadi enzi ya Wasasani, wafalme wa Uajemi kabla ya Uislamu, zilipobuniwa herufi za kuziandikia. Nakala kongwe kabisa za Yasna zilizopo leo ni za mwaka 1323.

Nilizisoma kwa tafsiri, na mwanzo zilinichosha: Ukweli, Fikra Njema, Uongo, vyote vikitajwa kama watu. Kisha nikafika Yasna ya 46. Msemaji anauliza akimbilie nchi gani, maana jamaa zake wamemtenga. Anamwambia Mungu wake kuwa anajua kwa nini hana nguvu: mifugo yake ni michache, na watu alio nao ni wachache. Na katika Yasna ya 51 kuna ubeti mmoja ambao tangu niusome haunitoki. Mtu mmoja alimnyima Zarathustra pa kujistiri, kivukoni, wakati wa baridi, na wanyama wake wawili wa kukokota walikuwa wakitetemeka.

Nilikiweka kitabu chini. Masimulizi ya baadaye yanasema Zarathustra alizaliwa akicheka, na mimi nayasikia kama ninavyosikia kwamba Fumo Liyongo hakuweza kuuawa ila kwa sindano ya shaba kitovuni. Hiyo ni kazi ya watu wanaompenda shujaa. Lakini ni nani anayempenda mtume wake akamtungia aibu ya kufukuzwa mlangoni? Na ni nani angemwita kwa jina ambalo wengi wanalifasiri kuwa "mwenye ngamia wazee"?

Upande wa pili nimeusoma pia, na hoja zake si nyepesi. Jean Kellens, mtaalamu wa maandiko haya aliyefundisha Collège de France mjini Paris, haoni kuwa Gatha ni maneno ya mtu mmoja tunayeweza kumtambua. Jina la Zarathustra humo mara nyingi linatajwa kwa nafsi ya tatu, kama mtu anayezungumziwa. Hata kilio cha umaskini kinaweza kuwa desturi ya watunzi wa kale walioishi kwa kuomba ujira: Yasna ya 44, baada ya kuuliza nani aliyelipa jua njia yake na nani anayeufanya mwezi ujae na kupungua, inafika mahali inaomba farasi majike kumi na dume lao, pamoja na ngamia.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Mwana Kupona. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa kumwandaa kwa maisha ya ndoa, na alipofika mwisho alimtaja mtunzi kana kwamba anamzungumzia mtu mwengine. Ndivyo mtunzi anavyojitaja. Desturi hiyo haimfuti Mwana Kupona. Tungekuwa hatuna kitu kingine chochote chake, bado mama yule angekuwepo. Na Gatha ya mwisho, Yasna ya 53, ni ya harusi. Anayeozwa ni Pouruchista, binti mdogo kuliko wote wa Zarathustra. Wapo wasemao kuwa hiyo ilitungwa na mfuasi. Sawa, lakini ni mfuasi aliyejua binti anaitwa nani na kwamba ni kitinda mimba.

Naamini alikuwepo. Kuhani wa ukoo wa Spitama, baina ya wafugaji, na watoto wa kike wa kuoza. Siwezi kumwonyesha mpwa wangu kaburi lake, na nilimwambia hivyo jana usiku tulipokaa tena barazani. Nikamsimulia na ule ubeti wa baridi.

Akanyamaza kidogo. "Na wale wanyama, walipata pa kulala?"

"Utenzi hausemi."

Akataka nimwonyeshe jinsi Bibi alivyokuwa akiukung'uta ule ugwe. Nikaingia ndani, nikachukua kipande cha uzi wa sufu kwenye kikapu cha mama yake, nikajizungushia kiunoni mara tatu juu ya fulana, na nikageukia taa.