Mpaka upige

Juzi Jumamosi nilikuwa Mbuyuni, nimeinama kwenye lundo la viatu vya mtumba, namtafutia mpwa wangu raba za shule. Simu ya muuzaji ikalia. Mlio wenyewe ni ule ule: kengele tatu, kimya kidogo, tatu tena. Kabla sijajua ninafanya nini nilikuwa nimeshasimama wima, raba moja mkononi, nageuka huku na huku kutafuta kompyuta ambayo sina. Muuzaji wala hakuigusa simu yake. "Alamu tu hiyo, dada. Elfu kumi na mbili, wewe chukua kwa kumi."

Mwili hausahau. Nimesharudi muda sasa, lakini kengele ile ikilia bado namkuta yule mlinzi niliyekuwa zamani amesimama mlangoni.

Nilikuwa nafanya kazi Dublin, Ireland, kwenye kampuni ya mtandaoni ambayo sipendi kuitaja. Kila mtu huniuliza habari za chakula. Ndiyo, kilikuwa cha bure, na ndiyo, nilinenepa. Mama peke yake ndiye aliyeniuliza kazi yangu hasa ni ipi, nikamjibu kwamba nalinda. "Kama mgambo?" Kama mgambo, Mama. Zamu yako ikifika unakaa na simu wiki nzima, unaoga nayo, unalala nayo. Ikilia, yaani huduma yetu imepata hitilafu mahali, una dakika tano za kuipokea. Usipoipokea inamwamsha mwenzako, na asubuhi timu nzima inajua nani alilala.

Siku ninayotaka kuisimulia ni Jumapili, Mei 12, 2024. Tarehe naikumbuka kwa sababu ilikuwa Siku ya Mama, na kule kanisani kwetu Machame, Kilimanjaro, mnada wa baada ya ibada ulichukua muda kuliko mahubiri. Mama alinunua kwa bei ya kuruka mkungu wa ndizi ambao asubuhi yake aliutoa sadaka yeye mwenyewe. Akatoka anacheka, mimi nimebeba mkungu.

Kampuni ilituruhusu wiki chache kwa mwaka kufanyia kazi kwetu, popote palipo. Nilikuja na zamu yangu mkobani, tena kwa kiburi kidogo, nikitaka wajue kwamba kibaraza cha Mama nacho ni ofisi. Nilikuwa na laini tatu za mitandao mitatu. Haikunijia akilini kwamba mitandao mitatu inaweza kuwa inapita mlango mmoja.

Tulipofika nyumbani nikawasha kompyuta. Kimya. Nikadhani bando limeisha. Nikanunua jingine, likaingia, na bado kimya. Laini ya pili, ya tatu, hivyo hivyo. Nikateremka kwa Mangi (huku kila mwenye duka ni Mangi, na kila asiye na duka pia) nikawakuta vijana wa bodaboda wamekaa juu ya pikipiki, wanazitazama simu zao kama watu waliofiwa. "Mtandao unazingua nchi nzima, dada. Hata WhatsApp imegoma."

Kupiga simu ya kawaida kulikuwa kunawezekana. Nikanunua vocha za elfu tano tano, nikazikwangua kwa ukucha nikiwa nimesimama kwenye migomba nyuma ya jiko, maana hapo ndipo sauti inapokamata vizuri. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa. Mama akaja na bakuli la mtori, akasimama pembeni yangu, anangoja nimalize ili ninywe ungali moto.

Mwenzangu wa zamu alipokea. Kwao ilikuwa saa tano asubuhi, nyuma yake watoto wanapiga kelele kwenye bembea. Nikamwambia niko gizani, achukue zamu, intaneti imekatika Tanzania nzima.

"Nzima?" akauliza. "Ngoja nitazame."

Nikamsikia akifungua kompyuta. Nilijua anachokitazama, kwa sababu ukurasa ule nilikuwa naufungua kabla ya kunawa uso: mstari mmoja mrefu wa watumiaji wetu wa dunia nzima, unapanda na kushuka kadiri mabara yanavyoamka na kulala.

"Hapa kwangu kila kitu ni kijani," akasema.

"Chuja kwa nchi."

"Sioni kengele yoyote iliyolia."

"Haijalia. Chuja kwa nchi. Anza na T."

Kimya. Bembea inalia kwi, kwi. Mama akanisogezea bakuli, nikamwashiria kwa mkono, subiri. Halafu nikasikia ile pumzi mtu anayoivuta akiona kitu.

"Loh. Mmedondoka kama jiwe. Mbona haikutuamsha?"

Nilikuwa na jibu. Miezi michache kabla yake, mimi mwenyewe ndiye niliyeandika kanuni ile. Watu walikuwa wanaamshwa usiku wa manane kwa ajili ya visiwa ambavyo waya wake ukitikisika kidogo tu mstari unaanguka. Nikapendekeza: nchi yoyote ambayo watumiaji wake hawafikii kiasi fulani cha dunia nzima isiamshe mtu, iandikwe tu, isomwe Jumatatu. Mistari kama kumi ya programu. Wenzangu wawili wakaikagua, wakaipitisha, mmoja akaweka na kikaragosi cha kupiga makofi. Niliitaja kwenye maombi yangu ya kupandishwa daraja: nimepunguza kengele za usiku. Nikapanda. Orodha ya nchi zilizoangukia chini ya mstari ule sikuifungua. Ingekuwa ni majina huenda ningeyasoma, lakini mimi niliandika asilimia.

"Ni kanuni yangu," nikamwambia.

Akacheka, kwa upole kabisa. Kisha akauliza, "Sasa unataka nifanye nini?"

Vocha ikaisha hapo.

Nikabaki nimeshika simu. Mama akanipa bakuli. Alikuwa amesikia Kiingereza chote bila kukielewa, lakini sura yangu aliielewa.

"Hao wenzako kule, wanajua sisi tumekatika?"

"Wanajua, Mama. Nimewapigia."

Akatingisha kichwa taratibu. "Kumbe mpaka upige."

Baadaye ndipo tukapata maelezo. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikuwa zimekatika huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Za Bahari ya Shamu zilishakatika tangu Februari, kwa hiyo hata njia ya kaskazini haikuwa nzima. SEACOM ndiyo ile iliyofika Dar es Salaam mwaka 2009, tukaambiwa mambo yote sasa yatakuwa mepesi. Na yalikuwa mepesi kweli. Bila waya ule sidhani kama ningeijua Dublin. Siku zilizofuata intaneti ikarudi kwa kusuasua, na mimi nikamaliza wiki nikiwa mgambo asiye na filimbi.

Niliporudi Dublin tuliandika ripoti ya tukio. Kampuni ilikuwa na utaratibu mmoja ambao hadi leo nausifia: hatutafuti mchawi. Ripoti inasema nini kilitokea, haisemi nani. Hivyo hakuna aliyenilaumu, wala jina langu halikuandikwa. Nikapendekeza kanuni ibadilishwe, nchi nzima ikizimika kengele ilie hata kama ni ndogo. Mwenzangu mmoja akaandika swali pembeni, la kiungwana: huyo atakayeamshwa, atafanya nini? Waya uko chini ya bahari. Kinachohitajika ni meli.

Nilikaa na swali lile siku mbili. Nilitafuta jibu lenye akili nikakosa. Nilichotaka ni mtu aamke tu. Hicho hakiandikiki kwenye fomu. Nikafuta pendekezo langu kabla halijakataliwa.

Wiki hiyo Mama akapiga simu, katikati ya habari za ng'ombe na mvua akauliza kama nimewaambia wale watu waweke kengele ya kwetu. Nikasema ndiyo. Nimeiweka mwenyewe.

Jana jioni mtandao ulikata tena hapa nyumbani, labda robo saa. Mama alikuwa anachambua maharage. Akaitazama saa ya ukutani.

"Huko itakuwa imeshalia," akasema.

"Imeshalia, Mama."